Mwenye Ndege

Siku kampuni ilipoanza kuubomoa uwanja wa ndege wa wanamaji, uliobaki tangu enzi za vita, ili ijenge nyumba na maduka, Kapteni alichungulia ndani ya uzio akaona ndege kuukuu zikiota kutu. Mate yakamjaa. Kapteni huyu hakuwahi kuongoza hata mtumbwi: kofia ya unahodha aliinunua mitumbani, na pikipiki aliyokuja nayo ilikuwa ya shemeji yake. Dada mtu alikuwa amemwonya kwamba isiporudi, naye asirudi. Pale kwa dada ndipo palipokuwa na kitanda chake cha mwisho duniani.

Alimpata Mama Vyuma, mnunuzi wa vyuma chakavu, akamsimulia jinsi babu yake alivyorusha ndege za wanamaji akaachiwa chache kwa shukrani. Babu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani aliyeogopa kupanda ngazi. Mama Vyuma aliguna kila palipostahili. Aliomba kitu kimoja tu: Kapteni ayaseme hayo getini, mbele ya mlinzi, wasije wakasumbuana baadaye.

Kapteni aliona hilo dogo. Getini akaiweka kofia vizuri.

"Mimi ndiye mwenye ndege."

Mlinzi akaweka kikombe chini. "Mwenye ndege humu ndani? Zako kabisa?"

"Zangu zote. Tangu za babu."

"Mama, umesikia?"

"Kwa masikio yangu mawili," akasema Mama Vyuma.

Mlinzi akachomoa ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni. Akaeleza kwa upole kwamba meneja amemtafuta mwenye ndege mpaka amechoka, kisha akawaingiza ndani.

Chini ya mabawa yenye kutu walijaa bata. Walikuwa wamekula majani mapya ya nyumba ya maonyesho na kuoga kwenye chemchemi ya wateja. Ile njia ndefu ya kurukia ndege ilikuwa nyeupe kwa mavi mwanzo hadi mwisho, na meneja alikuwa ameapa kuwa mwenye ndege hao ataifagia kwa mkono wake ndipo aondoke.

Kapteni akapiga hesabu. Akiwakana bata, amezikana ndege, na anayeuza ndege zisizo zake ana jina lake polisi.

"Mama," akanong'ona, "hawa bata..."

"Wazuri, mwanangu. Babu alikuachia mali."

Mama Vyuma akajitolea kumpunguzia mzigo kwa kuwachukua wote, bure. Mlinzi akamsifu kwa moyo wake. Mama akapiga ulimi mara moja tu, na bata wote wakajipanga nyuma yake, wakatoka getini kuelekea nyumbani kwake kama siku zote.

Kapteni alibaki na ufagio. Jua lilikuwa linazama, naye hajafika hata katikati ya njia, simu ilipolia. Dada alitaka kujua pikipiki iko wapi.

"Niko uwanjani, dada. Ndege zangu zimeshaondoka," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na ujanja wowote. "Tafadhali usifunge mlango."