Kadi za Nikaha ya Maha na Printa Isiyo Waya

Jumamosi, 11 Julai 2009
Printa imefika! Imeshuka bandarini Malindi, hapa Unguja, na boti ya mchana, nikaibeba mwenyewe kifuani mpaka nyumbani. Haina waya! Kompyuta huku, printa kule, zinazungumza hewani. Nshamwambia dada yangu Shariffa kwamba kadi za nikaha ya bintiye Maha nitazipiga mimi, mia na ishirini, tayari Jumatano. Shemegi Hisham, ndugu wa mke wangu, mwenye duka la kuchapa kadi Mlandege, ameuliza kama nataka msaada. Nikacheka. Naye akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumapili, 12 Julai
Mke wangu Khawla hataki printa ukumbini juu, kwenye kompyuta. Nimeiweka chumba cha nyuma. Nikabonyeza kuchapa, kadi zote. Kimya. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu kidogo, pengine haikusikia. Kitaa chekundu kinanikonyeza tu. Khawla kapita, kauliza kama zimeshaanza kuzungumza au bado zimenuniana.

Jumatatu, 13 Julai
Nimegundua! Kuta! Babu alijenga kwa mawe na chokaa, upana mkono mzima. Risasi haipiti, seuze intaneti! Nimezunguka na printa vyumba vyote, ngazini, mpaka chooni, mlangoni mwa msala, nikiburura waya mrefu wa umeme. Khawla anauliza isiyo waya mbona ina mkia. Nimebonyeza mara ya nne. Wapi!

Jumanne, 14 Julai
Kijani! Kitaa kimewaka kijani! Nje barazani, chini ya dirisha la ukumbi. Mzee Usi na Jaku, wanaokaa hapo kila siku, wameisogelea wakaipa nafasi kama mgeni. Nikapanda juu, nikabonyeza mara ya tano, ya ushindi, kisha nikampigia Hisham simu kujisifu. Nimejisifu saa nzima.
Nashuka, katoni nzima ya kadi mia sita niliyoiacha kando ya printa iko tupu! Lahaula! Kumbe kompyuta iliziweka foleni amri zangu zote tano. Kila kadi zilipokwisha, Jaku alijaza nyengine. Na Mzee Usi, karani mstaafu wa mahakama, mwenye hati nzuri, kaandika jina la kila mpita njia penye nukta za jina la mwalikwa, akamkabidhi kadi yake. Kaniambia nisimshukuru.

Jumatano, 15 Julai
Nimejaribu kuzirudisha. Haiwezekani. Mtu umeshamwalika kwa jina lake, utamwambia nini? Muuza pweza keshapeleka kanzu kupigwa pasi. Shariffa kapata habari sokoni Mwanakwerekwe, kwa mtu asiyemjua aliyempa pongezi. Kanipigia. Sitaandika alichosema. Halua imeagizwa ya watu mia na ishirini! Ikikatika mbele ya wakwe, Maha atasimangwa mpaka azeeke. Maha analia. Mimi pia, lakini msalani.

Ijumaa, 24 Julai
Nikaha! Msikiti umejaa, ua umejaa, njia imefunga. Sinia za halua zimefika safu ya tatu, wagawaji wakaanza kukata vipande kama kucha. Nimejificha nyuma ya nguzo. Mara anaingia Hisham na masinia manane ya halua! Kasema watu watatu mbalimbali walimletea kadi yenye jina lake yeye, kutoka kwa Mzee Usi, ndipo alipojua nimefanya nini, akaenda kuagiza halua zaidi. Kila mtu kala. Baba wa bwana harusi kasema hajapata kuona bibi harusi aliyeombewa dua na umati kama huu. Nyumbani, Shariffa karejewa na rangi. Maha kanibusu mkono, kaninong'oneza, "Mjomba, basi tena, eti?"

Jumamosi, 25 Julai
Nimekaa nikatafakari kwa dhati palipokosewa. Si printa. Printa ilifanya kazi kupita kiasi. Kosa ni halua ya kuagiza kwa watu! Mdogo wake Maha anaolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha. Halua ni wanga, sukari, samli na kukoroga tu. Kukoroga kuna ugumu gani? Nshaazima sufuria kubwa ya shaba, upana wa mlango. Khawla anadhani ni ya kufulia.