Wakwe wa Kenyenya Wamenikuta Nakwangua Taili

Wenzangu, leo aibu imenikuta nimepiga magoti. Na sikuwa naomba.

Nawaandikia kutoka huku kwa majani chai yangu. Nimekaa juu ya kikapu nilichokipindua, kwa sababu nyumbani hakuna mtu anataka kuniona. (Hata mbwa amenitazama akaondoka.)

Leo wakwe walikuwa wanakuja. Wazazi wa kijana anayetaka kumwoa Kemunto, msichana wangu wa kwanza. Watu wa Kenyenya. Hatujawahi kuonana. Ila nilikuwa nimesikia kwamba huyo mzee ana taili kwa nyumba yake mpaka jikoni. Jikoni! Nikasema huyo hawezi kuja kwangu akanyage simiti tupu. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Shule niliiacha nikiwa mdogo nikaenda kufyatua matofali, na kila tofali mnaloona hapo limepita kwa mikono hii. Basi nikanunua taili sokoni Nyakoe, nyeupe kama maziwa, nikaita fundi.

Fundi akazipanga sebule yote, akamaliza Ijumaa jua likizama. Ikabaki grauti, ule unga wa kuziba mistari katikati ya taili. Sasa sikilizeni shida. Mimi ni Msabato. Jumamosi kwangu hakuna mtu anashika mwiko. Fundi ni Mkatoliki. Jumapili asubuhi yuko misa.

"Mzee, ningoje tu nitoke kanisani," akaniambia. "Wageni watakuta kunang'aa."

"Wewe kaa na misa yako," nikamjibu. "Kujaza unga kwa mistari ni kazi ya kumngojea mtu?"

(Mdomo wangu huu! Ungekuwa ng'ombe ningeuuza.)

Leo Jumapili asubuhi nikavaa kaptura yangu ya kazi, ile iliyopasuka nyuma. Nikachanganya grauti kwa karai. Nikaitazama, nikaona ni nyepesi, kama uji wa mgonjwa. Nikaiongeza simiti. Mtu aliyejenga nyumba atafundishwa simiti na nani? Nikaanzia mlangoni nikielekea ndani, vile tunavyopalilia shamba. Na sikujaza mistari peke yake. Niliipaka sakafu yote, taili na mistari, vile mama zetu walivyokuwa wanapaka nyumba kwa mkono.

Mke wangu akachungulia dirishani, ameshika kijiko cha kupikia.

"Baba Kemunto, na hiyo iliyo juu ya taili?"

"Iache ishike. Simiti huachwa ikashika."

"Hata ugali ukibaki kwa sufuria hushika. Na mwenye kukwangua ni mimi."

"Mama, wewe pika kuku."

Akaenda kupika kuku.

Nilipofika mlango wa chumba cha kulala ndipo niliona kwamba mlango wa kutokea nje uko ng'ambo ile, na katikati ni grauti mbichi. Sikushtuka. Nikasema nitakaa kitandani kidogo, ikikauka nipite.

Nikalala! (Kitanda nilikinunua mwenyewe pia. Ni kizuri mno.)

Nimeamshwa na jua usoni. Nikafungua mlango. Wenzangu! Taili zilikuwa zimeenda wapi? Sebule nzima ilikuwa ya kijivu, ina mabaka na mawimbi, kama barabara iliyoahidiwa lami. Nikamwaga maji. Yakateleza juu yake tu. Nikasugua kwa gunia. Gunia likaisha. Nikachukua mwiko nikakwangua, krrr! Grauti haikutoka. Taili ndiyo ilitoka ngozi.

Nikapiga magoti, nikainama, uso chini, mgongo wote umeelekea mlangoni, nikawa nakwangua kama kuku kwa shamba la mtu. Kwa hizo kelele sikusikia gari likiingia.

"Hodi hapa!"

Sauti ya mwanaume. Sauti nzito, ya mtu mwenye taili jikoni.

Sasa nyinyi mnajua chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya. Mzee ambaye mtoto wake anaoa mtoto wako, mnaitana korera, na hata mkisalimiana macho yanatazama chini. Huyo ndiye alikuwa amesimama mlangoni, mke wake nyuma yake. Na kitu cha kwanza kuona kwa boma langu ilikuwa kaptura. Upande ule uliopasuka.

"Uui!" yule mama akalia, akajifunika uso na leso, akarudi nje.

Nikageuka. Uso, nywele, ndevu, yote grauti. Mzee akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Fundi," akasema, "mwenye boma yuko wapi?"

Hapo shetani akanionyesha njia. Nikajibu, "Ametoka kidogo."

(Na mimi ni mzee wa kanisa!)

"Ni yeye amekuambia ufanye hivi?"

"Ni yeye."

Akagonga sakafu kwa fimbo. "Hii si kazi. Hii ni hasira. Mzee wa watu ametafuta taili nzuri hivi, wewe unamharibia siku ya wageni wake. Huna aibu?"

"Niko nayo," nikasema. Na hapo sikudanganya.

Nikaanza kurudi nyuma pole pole kuelekea chumbani, kaptura nimeishika kwa mkono. Nilikuwa nimepanga: naingia, najipangusa, navaa suti, natoka nikiwa mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nimefika mlangoni. Mkono uko kwa kitasa. Ndipo Kemunto akaingia mbio kutoka jikoni.

"Tata! Wageni wamefika na wewe bado uko hivyo?"

Tata, yaani baba! Mzee akamtazama Kemunto. Akanitazama mimi. Halafu akatazama paa, akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyetumwa kukagua misumari. Akageuka, akatoka nje.

Mke wangu akawaweka kwenye viti kando ya ghala la mahindi. Wakwe! Nje, kama watu waliokuja kuuliza njia! Nikavaa suti nikatoka. Hakuna aliyenitazama, nami sikumtazama mtu. Walikula kuku haraka, wakasifu mapishi. Katikati ya kula, fundi naye akatokea kutoka misa. Akachungulia sebule, akavua kofia kama mtu aliyefika matangani, akaenda zake.

Halafu msemaji waliyekuja naye akasimama. "Sisi leo tulikuja kusalimia tu."

Kusalimia! Walikuwa na mbuzi kwa gari! Nilimsikia akilia. Mbuzi wa kufungulia maneno ya ndoa ya msichana wangu amerudi Kenyenya bila kushuka.

Kemunto hakulia. Afadhali angelia. Aliosha vyombo, sahani moja moja, bila kugonganisha hata kijiko. Mimi nilihimili njaa, nilihimili tanuru la matofali, lakini ule utulivu wa sahani umenishinda. Ndiyo maana nikaja huku kwa chai.

Sasa hivi ameniletea simu. Yule kijana amemtumia ujumbe kutoka kwa baba yake. Akanisomea bila kunitazama:

"Mwambie korera wangu pole, leo sikumkuta. Tutarudi na mbuzi wetu. Ila yule fundi asiwepo."

Nimemwambia ajibu haraka kabla hawajabadilisha nia: hatakuwepo. Ameacha kazi.