Kioko Ndani ya Ruta Yangu

Jumatatu, 10 Novemba

Mtandao umenifanyia visa tena. Ruqaiya yuko Maskati, amempakata mjukuu wangu, mjukuu wa kwanza, na picha ikakwama mtoto akiwa amefungua mdomo. Sikujua anapiga miayo au analia. Nimekaa na kile kimdomo mpaka chai ikapoa.

Ijumaa ni arobaini yake. Atanyolewa, atatolewa nje, na mie nitakuwa hapa Malindi nikitazama kwenye kioo cha simu, kwa kuwa pasipoti haijatoka. Picha ikikwama Ijumaa nitamla mtu mbichi.

Mume wangu Msellem asema mtandao una siku zake. Nimemwambia hauna siku, una wezi. Sie tunalipa, mtaa unakunywa. Nilimtaja jirani yetu Kaltuma, maana juzi alijua habari za mafuriko kabla yangu. Msellem akasema hiyo yaitwa redio.

Acheke. Kijana aliyetufungia ruta, kile kisanduku cha mtandao, alisema ina mlango wake wa ndani. Ukiingia unaona majina ya simu zote zinazokula mtandao, na usiyemtaka unamzuia. Kesho naingia. Hii simu yangu ni ya mtumba, Msellem aliinunua kwa mtu wa Gede, lakini kwa kazi hiyo yatosha.

Jumanne, 11 Novemba

Sijaingia.

Nambari za huo mlango huandikwa kwenye karatasi chini ya ruta. Nimeigeuza. Peupe, hamna herufi. Nikakumbuka ni mie mwenyewe. Kabla ya Ramadhani niliisugua kwa sabuni na brashi, kile kikaratasi nikakiona ni uchafu. Ndio malipo ya kuwa msafi.

Nikapiga simu kampuni. Muziki. Nikakuna nazi, muziki. Nikachuja tui, muziki. Wali ulipokaribia kuiva akatokea msichana, jina lake Nelly, kila neno mama, mama. Akanipa nambari zenye nukta katikati. Nikazipiga. Nikajibiwa nambari hiyo haipo.

Nikamrudia Nelly na ukali wangu, nikamwambia mlango wake umehama. Akauliza nimeziandika wapi. Nikamjibu pale pa kuandikia nambari. Akameza kitu, nadhani ni kicheko. Akasema mama, hizo si za kupiga, ziandike pale juu unapotafutia mambo ya mtandao. Basi si angesema.

Nikaziandika. Ukurasa ukafunguka, ukataka jina na neno la siri. Nikatia jina langu, ukakataa. La Msellem, ukakataa. La marehemu mama yangu, kwa hasira tu. Ukafunga kabisa, ukasema nimejaribu mno, ningoje. Mwizi aingia bila hodi, mwenye nyumba awekwa barazani. Wali umeungua.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeingia.

Nelly alinifunulia kwamba ruta ina maneno mawili ya siri, moja la kupatia mtandao na jingine la kufungulia ule mlango. Mie nilikuwa na la kwanza tu. Akanipa la pili, nikaandika polepole, herufi kwa herufi, kama niko darasa la pili.

Majina matatu. La kwanza ni televisheni yetu. La pili Msellem, alivyoandikiwa na muuza simu. La tatu Kioko.

Langu halimo, na ni haki. Mwenye nyumba haandikwi na wageni.

Kioko namjua. Ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya kichochoro, Mkamba aliyekaa Malindi mpaka akajua kupika samaki wa kupaka. Kila asubuhi habari za watoto, Mama Ruqaiya, mjukuu hajambo. Kumbe anauliza hali ya mjukuu huku anamkwamisha mdomo. Na gauni langu la arobaini liko kwake.

Sikutaka kumdhulumu mtu. Nimepima kwanza. Nikawasha simu asubuhi, Kioko yumo. Nikawasha adhuhuri, yumo. Nikaizima, nikajifanya nimelala, nikaiwasha ghafla. Yumo. Ananivizia. Nikishika simu tu na yeye anashika.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemfungia. Nelly alinionyesha pa kubonyeza, nikabonyeza, bismillahi. Na pale pale simu yangu ikakatika. Mtandao haupo, mlango haufunguki, hakuna kitu. Amelipiza, na hata dakika haijapita.

Nikajitupia leso, nikavuka kichochoro. Kioko alikuwa na wateja, na Kaltuma ni mmoja wao, amekaa na kitambaa chake cha mapazia. Nikasema afadhali, apate kusikia. Nikamwambia Kioko mwanamume mzima haibi maziwa ya mtoto. Akauliza maziwa gani. Nikamwambia mtandao. Akatoa mfukoni simu yake, ile mulika mwizi, ya kubonyeza, imefungwa mpira. Akasema, "Mama Ruqaiya, hii hata kunipiga picha mimi mwenyewe haijapata. Mtandao nitautia wapi, kwenye tochi?"

Watu wakacheka. Kaltuma alicheka kupita kiasi.

Nikajua ana nyingine ameificha. Mwenye simu mbaya hivyo mbele za watu ana nzuri mahali. Nikadai gauni langu. Akasema bado mkono mmoja, nimpe mpaka jioni. Nikasema sivai nguo ya mwizi hata ikiwa na mikono sita. Akalikunja vizuri, akanipa, akasema haya mama, Mungu akupoze moyo.

Nimefika nyumbani ndipo nikaona kwamba sina jingine, nitalivaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Simu haikupona. Nikanunua bando, nikavaa gauni, nikakaa mapema mbele ya simu kama bibi arusi. Ruqaiya akatokea, picha safi. Kabla sijamwona mtoto akampa simu mamamkwe wake. Na huwezi kumwambia mamamkwe wa mwanao tupishe. Nikamuuliza hali, nikamuuliza magoti, nikamuuliza nduguze. Akaniuliza wangu, mmoja mmoja. Akampa shangazi wa mume wa Ruqaiya, huyo ni mkubwa kwangu, nikamwamkia shikamoo vizuri, akataka kujua kama Malindi kumenyesha. Nyuma yao namsikia mjukuu wangu analia chini ya wembe. Bando likaisha nikimwambia mjomba mtu alhamdulillahi.

Nikalia. Naandika hivi bila haya, nililia kizingitini na gauni la mkono mmoja.

Msellem akarudi msikitini, akanikuta. Akanipa simu yake, na simu yake ikafunguka mara moja, kwa mtandao ule ule wa nyumbani. Nikamwona. Kichwa kimeng'aa, nyusi zimetiwa wanja, na nywele zimeshafungwa kitambaani. Kunyolewa nimekukosa. Lakini alipiga miayo, na safari hii niliona miayo yote, mpaka mwisho.

Ruqaiya akauliza mama mkono mwingine uko wapi. Nikasema ndio mitindo ya sasa Malindi.

Tulipomaliza, Msellem akachukua simu yangu, akaichokoachokoa, akasoma jina la simu yenyewe kwa sauti. Kioko. Akasema yule mtu wa Gede aliyemuuzia lazima aliipata kwa Kioko fulani, na hakuna aliyelifuta jina. Akasema, "Umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe, na ufunguo umeumeza." Akacheka mpaka akashika mlango.

Nilimkasirikia sana. Mtu akinunua simu si aisome kwanza.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimempelekea Kioko mahamri na mbaazi za nazi. Nikasema tu fundi, nimekosa, kumbe simu yangu ndiyo iitwayo Kioko, shetani alinipitia. Akala hamri la kwanza, la pili, akafuta mikono, akauliza, "Na yule Kioko mwingine umempelekea pia?"

Kaltuma alikuwa palepale. Hana kwao.

Mkono umeshonwa, na kwa nia njema, hata uzi umefanana. Msellem ameufungua mtandao wangu, akalifuta jina la Kioko, akaandika langu. Akanisihi nisiguse tena. Ruqaiya sikumwambia lolote. Mzazi hamwambii mwanawe kila kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Leo asubuhi picha imekwama tena. Mtoto jicho moja limefunguka, jingine limefumba. Nikaangalia kule ndani, majina ni yetu matupu, na la tatu ni mie. Basi ndipo nikaelewa. Wezi hawako upande wetu. Wako Maskati.

Mume wa Ruqaiya amesafiri kikazi, mwanangu yuko peke yake na mtoto mchanga. Nikamwambia asiogope, mamake anaijua hii kazi. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Geuza ruta, nambari ziko chini, kwao hawajazisugua. Ziandike juu, usizipige. Akaingia mara moja, ana akili yule, hakunifuata mie.

Akasema majina yako mengi na mengine hayafahamu. Nikamwambia mwanangu, usiyemfahamu ni mwizi, fungia. Akauliza kama amngoje mumewe. Nikamwambia wanaume watakucheka tu, fungia. Akafungia la kwanza. Nikamwambia la pili. Nikamwona ananyoosha kidole, na picha ikazima.

Tangu saa hiyo nampigia, hapatikani. Wa Maskati ni wabaya kuliko wa kwetu, wamemlipizia mwanangu hata kidole hajakishusha.