Hotuba ya Kuzindua Kiwanda cha Kileo cha Anisi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye anawakilishwa na Makamu wake, ambaye naye anawakilishwa na dereva wake aliyeketi pale. Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wanaokaimu nafasi za wasaidizi. Kamati ya maandalizi, kamati ndogo ya maandalizi, kamati ya viti. Wageni tuliowaalika na ninyi mliokuja tu. Mabibi na mabwana, kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Awali ya yote niseme kwamba sikuchelewa. Ratiba ilisema saa tatu, mimi nimefika saa saba, na muda huo wa katikati kitaalamu unaitwa bafa. (Dereva anacheka peke yake.)

Tumekusanyika kuzindua Mradi Shirikishi wa Kimkakati wa Kuongeza Thamani ya Kileo cha Anisi, ambao mimi mwenyewe, bila kujisifu, nimeubuni, nimeutetea, nimeusimamia na kuusafiria. Kwa wasiojua, anisi ni mbegu ndogo kuliko punje ya mchele, inayonukia utamu kabla hujaitia mdomoni. Kwa ajili yake nilikwenda ng'ambo wiki sita katika ziara ya benchimaki, yaani kujilinganisha na waliotutangulia, nikaonja sampuli arobaini na moja, na ripoti ingekuwa mezani kwenu leo kama mwandiko wangu ungesomeka kuanzia sampuli ya tisa. (Kicheko.)

Nilichojifunza huko ni kwamba watu wa kale waliitafuna mbegu hii baada ya kula ili tumbo litulie; baadaye wauza dawa wakailoweka kwenye kileo kikali, wakampa mgonjwa kijiko kimoja; mgonjwa akapona, na kesho yake akarudi akisema bado anaumwa. Ndivyo kinywaji hiki kilivyohama kutoka kabati la dawa hadi meza ya chakula, na mpaka leo hakijarudi kabatini. (Kicheko, hata nyuma.)

Ladha yake, ndugu zangu, ni mtambuka. Inaanza kama peremende, katikati inakuwa dawa ya kikohozi, na mwisho inapasha kifua joto kana kwamba mtu aliyekununia mwaka mzima amekusalimia. Ukiimimina ni angavu. Ukiitia maji baridi inageuka nyeupe kama maziwa, na wataalamu wangu wamethibitisha kwa asilimia themanini na saba nukta nne kwamba hakuna aliyetia maziwa. Hainywewi kwa pupa. Hunywewa kidogo kidogo baada ya chakula, pamoja na mtu unayependa kumsikiliza.

Maneno hayo ya mwisho si yangu. Ni ya mkunga mstaafu ambaye nyote mnamwita Bibi Mvuke, yule pale mstari wa tatu, karibu na binti yake mwalimu. (Makofi marefu. Bibi Mvuke hainui uso.) Niruhusuni nieleze jinsi ofisi yangu ilivyomwinua.

Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa melini. Aliporudi kutoka safari yake ya mwisho alimletea mkewe mkebe wa mbegu na mtungi wa shaba wenye mrija uliopinda kama shingo ya bata. Kwa miaka thelathini mama huyu amepanda anisi nyuma ya nyumba yake, akachemsha, akakinga mvuke unaodondoka tone kwa tone, akapata chupa kumi na mbili kwa mwaka. Hakuuza hata moja. Aliwagawia majirani waliomsaidia palizi, na chupa moja alibaki nayo, akaketi na binti yake jioni wakamkumbuka mzee.

Hali hiyo, kwa mtazamo wa kisera, haikubaliki. Nikatuma wakaguzi. Walifika Jumanne asubuhi. Bibi Mvuke akadhani ni wageni, akawatolea viti na maji ya kunywa, wakanywa, wakashukuru, wakaondoka na mtungi kwa ajili ya uhakiki. (Minong'ono.) Alikuja ofisini mara kumi na moja kuuulizia. Kila mara katibu wangu alimwambia niko kwenye mkutano, na ni kweli nilikuwa kwenye mkutano: tulikuwa tunaujadili mtungi wake.

Mara ya kumi na mbili nilimpokea, kwa sababu alinikuta mlangoni. Aliniambia, nanukuu: "Mwanangu, sikuja kubishana. Mume wangu aliniachia mtungi na mbegu. Mtungi mnao ninyi. Mbegu zinakaribia kukomaa, na zisipochemshwa mwaka huu sitakuwa na cha kuwapa watu wangu." Niliguswa. Niliguswa kiasi kwamba siku ileile nilianzisha kiwanda.

Nilimweleza kwamba atakuwa Mchanganyaji Mkuu, kwamba vijana mia nne na kumi na tatu watapata ajira, na kwamba kinachohitajika ni saini yake tu kutupatia kiwanja. Binti yake alimsihi asome kwanza. Mama akasema mtu mzima mwenye ofisi kubwa hivi hawezi kumdanganya mjane. Akasaini. Tingatinga likaja siku tatu kabla ya mavuno, kwa sababu sisi hatucheleweshi maendeleo. Bustani yenyewe ndiyo hapa mlipoweka viti, na hiyo harufu tamu mnayoisikia miguuni si manukato yangu. (Watu wanatazama chini. Wengine wanainua viatu.)

Sasa namwomba Bibi Mvuke apite mbele, akate utepe na kutufunulia Mtambo wa Kisasa wa Kizazi cha Nne. (Bibi Mvuke anakuja taratibu na binti yake. Anakata utepe. Anavuta kitambaa. Ni mtungi wa shaba, una mhuri wa ofisi ubavuni.) Makofi, jamani. (Hakuna makofi. Bibi Mvuke anaufuta mtungi kwa ncha ya kanga. Anashika mpini mmoja, binti anashika wa pili. Wanauinua.)

Bibi, tafadhali, bado hatujapiga picha.

(Bibi Mvuke anasimama karibu na kipaza sauti. Hapandishi sauti. "Piga tu, mwanangu. Mimi tangu asubuhi nimeokota mbegu kiganja kimoja hapa chini. Kwa mchanganyaji mkuu zinatosha kuanzia." Anaondoka. Watu wa mstari wa tatu wanainuka, wanainama, wanaokota. Wa mstari wa nne wanahamisha viti vyao na kuokota chini yake.)

Ndugu wananchi, mnachokiona ni Awamu ya Pili, yaani kuhamishia teknolojia kwa wananchi, ambayo tulikuwa tumeipangia mwaka kesho, kwa hiyo tuko mbele ya ratiba. (Mistari ya nyuma imebaki mitupu.) Nasema anisi!

(Dereva: "Oyee.")

Kiwanda chetu! (Dereva anatazama saa.) Kazi, ubora, na mchakato!

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati ya viti. Namshukuru mpiga picha, ambaye naona naye anaokota. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi mchoraji, aliyetuchorea kiwanda hiki hapa nyuma yangu kwa siku mbili tu, kikiwa na ghorofa tatu, madirisha sitini na moshi unaopendeza. Nawaomba mlio karibu msikiegemee, na vijana wa jukwaa wakikunje kwa uangalifu sasa hivi, maana turubai hilo linahitajika wilaya jirani kesho saa tatu: upande wa pili ndiyo hospitali.

Asanteni kwa kunisikiliza.