Mionzi Igawanywe Sawa

Mamlaka ya Mionzi ilitangaza, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba hakuna tena mfanyakazi wa hospitali atakayepigwa na mionzi kupita kiasi. Mashine ya eksirei ilibaki ileile, na ufa wa ukuta wake ukivujisha mionzi. Kilichotengenezwa ni hesabu.

Zamani kila beji ya kupimia mionzi ilisomwa peke yake, na ikizidi kiasi iliandikwa "beji mbovu". Kwa mbinu mpya, beji zote za idara zinajumlishwa, kisha kila mtu anaandikiwa fungu sawa. Idara ilikuwa na watu sita: mpiga picha mmoja, na wakubwa watano ambao beji zao zililala kwenye droo, salama salimini.

Mpiga picha alikuwa shemeji wa mlinzi wa lango. Kazi hiyo aliirithi kwa dada yake, mke wa mlinzi, aliyezikwa mwaka juzi na beji mbovu nane kwenye faili lake.

"Beji yangu imesoma tisini, shemeji," alimwambia mlinzi. "Mwisho unaoruhusiwa ishirini. Wameniandikia kumi na tano."

"Omba likizo."

"Mtu wa kumi na tano anaumwa nini?"

Mkurugenzi, mmoja wa wale wakubwa watano, akathibitisha kwa sahihi kwamba wote sita wamepokea mionzi bega kwa bega. Mamlaka ikampa cheti cha uadilifu.

Robo mwaka iliyofuata ufa ukapanuka. Beji ikasoma mia moja thelathini na mbili. Gawa kwa sita: ishirini na mbili, kila mmoja kapita mwisho. Kompyuta ya Mamlaka, isiyojua mkubwa wala mdogo, ikachapa orodha ya watu sita wasioruhusiwa kukanyaga hospitalini mwaka mzima, ikaituma langoni.

Shemeji alirudishwa wa kwanza. Akaenda zake kulala. Saa tatu likafika gari la Mkurugenzi.

"Fungua."

"Pole kwa mionzi, mkuu. Umo kwenye orodha."

"Una wazimu? Beji yangu iko kwenye droo. Chumba kile sijawahi hata kuchungulia."

"Kumbe. Na ile mionzi yote kaila nani?"

Mlinzi akamsogezea daftari la lango na kalamu.

"Andika hivyo hivyo ulivyosema, mkuu, uweke sahihi. Nafungua sasa hivi."

Mkurugenzi akaishika kalamu. Nyuma yake wakubwa wanne walikuwa wameshapanga foleni, wanapiga honi.