Nukta Kumi na Tano za Hina

Jumatatu, 1 Agosti 1938

Dresa Husseni ametangaza! Nafasi moja ya dresa msaidizi, yaani mfunga vidonda, zahanati ya Lugoba. Mtihani Alhamisi, kwa mdomo, miguu mitupu: mifupa ya vidole vya miguu. Tuko wawili. Mimi, mfagiaji wa hospitali mwaka wa nne huu, na Kibwana, mwosha vyupa. Mzee Kitwana alishasema waziwazi kwamba binti yake Mwanahija hampi mtu wa ufagio. Basi Alhamisi naweka ufagio chini. Nampata Mwanahija, wallahi.

Kibwana ameazimwa kitabu chenye picha. Mimi nimenyimwa. Eti kile cha mwaka jana nilikirudisha na mchuzi. Tone moja!

Jumanne, 2 Agosti

Kitabu cha nini? Nimekula bakuli mbili za makongoro ya mbuzi kwa Bi Mwaija, kwa ajili ya elimu, nikapanga mifupa mezani. Kila kidole cha mbuzi kina pingili tatu. Nimehesabu mara nne. Mwanadamu ana vidole vitano kila mguu. Tatu mara tano, kumi na tano. Bi Mwaija akauliza nyama yake ina kasoro gani. Nikamwambia huu ni uchunguzi. Akanihamishia nje.

Jioni nikampitia bibi yangu, Bibi Sihaba, anayeunga mifupa ya watu tangu enzi za Mjerumani. Akanishika dole gumba la mguu, akalikunja, akasema hili lina pingili mbili tu, wenzake tatu tatu, jumla kumi na nne. Sikubishana na mtu mzima. Lakini dole gumba si ndilo kubwa lao? Nyumba gani mkubwa hupewa pungufu kuliko wadogo zake? Bibi amezeeka, maskini.

Jumatano, 3 Agosti

Tatizo: mbele ya Dresa Husseni husahau hata jina la baba yangu. Dawa nimeipata. Nukta, pale pale vidoleni, moja kwa kila mfupa! Wino utatoka kwa jasho. Mkaa utafutika. Hina!

Dada yangu Dija hupaka maharusi hina. Nikamwagiza nukta tatu kila kidole, mguu wa kulia. Akasema mguu mmoja ni nuksi, akapaka yote miwili. Kisha akauliza naoa wapi, maana mwanamume hapakwi hina miguuni ila kwa harusi yake. Habari za mtihani ningemwambia, zingefika kwa Kibwana kabla hina haijakauka. Nikamjibu ni siri. Akaapa kunyamaza.

Alasiri wanawake wawili kisimani wamenipigia vigelegele. Watu wanajua nitafaulu!

Alhamisi, 4 Agosti

Kibwana kajibu kumi na nne. Nikacheka. Zamu yangu nikainama, nikahesabu nukta bila haraka: kumi na tano, bwana.

Dresa Husseni akanishika dole gumba, akataka nimwonyeshe kiungo cha pili. Nikatafuta. Akatafuta na yeye. Nikamwambia pengine langu liliganda utotoni. Akalikunja la mguu wa pili. Nalo limeganda! Ndipo akaiona hina. Akanipa mkono wa pongezi, akasema sasa anaelewa akili yangu iko wapi.

Kibwana anakwenda Lugoba. Amevaa viatu tayari.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimesugua hina kwa limau. Imekolea! Dija anacheka, eti limau ndilo wanalotumia ili ikolee.

Msikitini, wakati wa kutawadha, aliyekaa kando yangu ni nani? Mzee Kitwana. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku akitazama miguu yangu. Baada ya sala akasema mbele ya watu kwamba naoa mahali, nami nibarikiwe, ila binti yake hendi kuwa mke mwenza kwa mfagiaji. Nikapaza sauti kwamba ile si harusi, ni mifupa. Watu wakanipisha njia.

Magharibi Mwanahija amerudisha kichupa cha marashi nilichomzawadia. Kimejaa. Hakukifungua hata siku moja! Imeniuma sana. Nimelia uani, Dija akanifuta uso kwa kanga yake.

Jumatatu, 8 Agosti

Nafasi nyingine! Zahanati ya Miono! Mtihani Alhamisi: mifupa ya vidole vya mikono. Dija amekwenda kumweleza Mwanahija ukweli wote. Jibu: kama kweli ilikuwa mifupa, basi nifaulu, na yeye mwenyewe atazungumza na baba yake. Moyo wangu hautulii!

Bibi Sihaba amesikia. Akaninyooshea dole gumba la mkono, akalikunja, akasema na hili pia ni mbili. Nikamshukuru kwa adabu. Dole gumba ndilo linaloshika ufagio, linafanya kazi kuliko wenzake wote, halafu lipunjwe? Ni tatu.

Dija anatwanga hina. Safari hii ni mikononi, kwa hiyo msikitini hakuna atakayeitazama miguu yangu.