Mwaloni Chini ya Zulia

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Mke wangu Rosalie ameshikilia tuhamie Arizona. Dada yake Loretta anatungoja huko. Ana bwawa la kuogelea na hajui theluji. Ijumaa wakala anakuja kusimika kibao cha INAUZWA. Miaka ishirini na sita nyumba hii! Wanangu watatu walijifunza kutembea hapa. Sihami. Ila kumwambia mke wangu hivyo mezani ni kukosa adabu, hapa Minnesota hatufanyi hivyo. Nimepanga njama badala yake. Analalamika nyumba inanuka mbwa. Kinachonuka ni zulia, la kijani, lenye manyoya kama kondoo mgonjwa. Tulilikuta tuliponunua nyumba. Nitaling'oa akiwa kazini maktaba, na akiona kilicho chini atasahau Arizona. Sijui kilicho chini. Mungu aepushe plaiwudi.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimechana zulia kwenye pembe ya sebule kwa kisu cha mkate. Nikavuta. Vumbi! Sponji ya chini imekuwa unga wa rangi ya haradali, nusu yake nimeila. Nikapangusa kwa kitambaa kibichi. Kisha nikakaa chini palepale vumbini.

Mwaloni, ule mti mgumu wa nchi za baridi. Mbao nyembamba, zimebanana hata wembe haupiti, rangi ya asali. Miti hiyo ilikuwa mikubwa kabla babu hajapanda meli kutoka Norwe. Nimeikanyaga miaka yote hii bila kuiona, Mungu anisamehe. Jioni nikarudisha zulia na kuweka kiti juu ya pembe. Rosalie aliuliza mbona napiga chafya.

Jumatano, 9 Oktoba
Pini za chuma kila mahali. Nazing'oa kwa koleo, moja moja. Nimepiga goti juu ya msumari. Nimekunja zulia zima bila kulikata, likakwama mlangoni, mimi ndani, jirani yangu Ordell nje. Akasema kwa upole kwamba watu wengine huwa wanalikata kwanza. Mjuaji! Lakini alipopenya na kuona sakafu alivua kofia. Akasema si mbaya. Ordell huyu, hata mjukuu wake wa kwanza hakumsifu hivyo. Nusura nilie.

Alhamisi, 10 Oktoba
Rosalie ameona. Jana alirudi usiku, akaingilia mlango wa jikoni na kwenda kulala. Alivua viatu bila kuambiwa. Akatembea na soksi hadi dirishani, akainama, akaweka kiganja kwenye mbao. Kisha akaniuliza, we Arvid, unataka tubaki?

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikamwambia asijisumbue kwa ajili yangu. Kwetu hata kahawa mtu huikataa mara mbili, akaipokea mara ya tatu. Akauliza tena, kweli kabisa? Nikasema jua la Arizona nalo zuri. Nikajiweka sawa kungoja ya tatu.

Lakini Rosalie ni binti wa Waitaliano wa New Jersey. Kwao ukiulizwa mara moja unajibu, na majirani wanajibu pia. Akaguna, akaenda kumpigia Loretta.

Jumamosi, 12 Oktoba
Imeuzwa! Jana hiyo hiyo! Mke na mume kutoka Minneapolis. Yule mke alilala chali sakafuni na koti lake. Nilimwelewa kabisa, ndiyo maana sikuweza kumchukia. Wakala anasema sakafu ndiyo iliyouza nyumba. Jioni jua liliingia dirishani na sebule nzima ikawaka. Nilisimama pale nikasahau chakula.

Alhamisi, 17 Oktoba
Benki imewanyima mkopo wale wawili. Nyumba bado yetu! Rosalie alikuja akakaa sakafuni karibu nami, macho yamelowa. Alisema hajawahi kuona kitu kizuri hivi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Loretta, akasema, abaki na bwawa lake. Akanisihi nifungue mdomo, kwa mara moja tu maishani, nimwambie kama nataka kubaki.

Nikamwambia asijinyime kwa ajili yangu, mimi popote sawa.

Hiyo ni mara ya kwanza kukataa. Ameinuka, ameenda jikoni, anazungumza na wakala kwenye simu, nasikia akitaja mnunuzi mwingine. Bila shaka anajipanga kuniuliza mara ya pili.